Asanteni kwa Mabati

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Chumba cha wazazi, cha wanawake kujifungulia, kimekwisha! Jana Bwana D.O., mkuu wetu wa serikali, alikuja na gari, akainama mlangoni, akagonga ukuta kwa kidole, akasema kizuri. Akauliza katibu wa kamati ni nani. Nikasimama. Akaniangalia kitambo. Sikuyapenda macho yale. Siku hizi hata kusifiwa kunatisha.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Linalala chini ya kuku anayeatamia, na kuku huyo ni mkali kuliko homgadi, hawa walinzi wa serikali. Kazi hii ni yangu. Ni mimi, Jotham Kivuti, niliyezunguka kijiji kizima nikiomba. Watu huniita Karani kwa sababu niliwahi kupima kahawa. Tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu mwezi wa saba, tukafungiwa humu kijijini na kuzungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, hakuna mkubwa aliyekumbuka kwamba wanawake huzaa hata wakati wa kafyu. Wambeti, mke wangu, alimzaa Njoki pale langoni, juu ya gunia, mvua ikimnyeshea. Lango limefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwa Njagi, mkubwa wa homgadi, na Njagi amelala. Nilishika taa na kulia. Nilimwambia Mungu kwamba nikipata watu wa kunisaidia kujenga hata kibanda, nitawashukuru mpaka wachoke.

Na wamesaidia! Watu waliopoteza mashamba na ng'ombe, bado wametoa. Ireri seremala ametoa nguzo. Wajane wametoa mayai na ndizi, tukauza sokoni Runyenjes tukapata simiti. Nyamu fundi cherehani, ambaye ni mtunza hazina wetu, ametoa mabati aliyokuwa amejiwekea ya duka lake. Na jana Bwana D.O. amemshukuru nani? Serikali. Halafu Njagi. Halafu akajishukuru mwenyewe kwa kuja.

Mimi mama yangu marehemu alinilea vingine. Ukipewa hata ndizi moja, unalitaja jina la aliyekupa, kwa sauti, jirani asikie. Kwetu ndivyo mtu anavyoshukuriwa. Basi Jumapili kanisani nitasimama niwataje wote, mmoja mmoja.

Nimemwambia Nyamu. Ameshika kichwa. Amesema tafadhali, Karani, mimi usinitaje, na wengine pia waache. Najua kinachomsumbua. Wivu. Anataka asimame yeye. Tena bado ana kinyongo kwa sababu ya lile bati lililomwangukia kidole gumba cha mguu wa kulia, eti niliachilia upande wangu. Niliachilia kwa sababu nilitaka kupiga chafya. Ukucha uling'oka, naye amekifunga kidole kwa kitambaa chekundu cha dukani kwake, hata kiatu hakiingii, anatembea peku kijijini kote ili watu waulize ni nani aliyemfanyia vile.


Jumatano, 3 Novemba

Ajabu. Habari za shukrani zimeenea, na tangu jana watu wanabisha hodi. Nilidhani wanakuja kuuliza watatajwa wa ngapi. Kumbe wanakuja kuomba wasitajwe kabisa.

Mjane wa nyumba ya pili amekuja na kuku. Amesema yeye hakutoa mayai. Nikamkumbusha kwamba aliyaleta mwenyewe kwenye kikapu, na moja lilikuwa bovu. Amesema basi yalikuwa mayai ya mtu mwingine, akaniwekea yule kuku mapajani, akasema huyo ni wa kunisaidia kusahau. Kiongozi wa kwaya ameleta mkungu wa ndizi. Ameuweka mlangoni na kuondoka bila kunitazama, kama mtu aliyeweka sumu ya panya.

Ireri amekuja na mbao begani. Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini leo amekaa chini akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Karani, amesema, ukinitaja kanisani, homgadi watasikia kwamba Ireri ana vitu vya kutoa, na watataka kujua ni nani mwingine amempa. Na wale wapiganaji wa msituni watasikia kwamba Ireri amemjengea D.O. nyumba. Wa kwanza watakuja na lori. Wa pili watakuja na panga. Amesema kwa mwaka huu ni afadhali ajulikane ni mchoyo. Mkewe Kathure alikuwa amesimama nje akimngoja, na alinitupia jicho ambalo sikulipenda.

Nimeogopa. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilibaki nimekalia mbao zake. Lori! Wanaopanda lori hupelekwa Manyani, kwenye kambi ya kizuizini, na katika ukoo wetu mmoja ameshakwenda, na hadi leo mkewe hajui amwandalie sahani au amwombee. Nikaapa moyoni sitamshukuru mtu yeyote tena maisha yangu yote.

Kiapo kimedumu mpaka chakula cha mchana. Kwa maana hebu tazama! Kwa kutishia kushukuru tu, nimekusanya kuku, ndizi na mbao za benchi la akina mama. Wakati wa kuomba nilitembea mpaka soli zikaisha. Lakini sasa deni la shukrani limekuwa kubwa zaidi. Hawa wametoa mara mbili. Lazima ipatikane njia ya kimya.


Ijumaa, 5 Novemba

Njia ya kimya nilikuwa nayo. Kunong'ona! Mlango kwa mlango, mvua ikinyesha ili njia ziwe tupu, kola ya koti mpaka masikioni. Unabisha kidogo, unainama sikioni, unasema asante kwa kile kitu, usimwambie mtu, unakwenda zako. Jina halitajwi. Kitu hakitajwi. Nilijiona hodari kweli.

Mlango wa kwanza, mzee alinifungia mlango kwenye pua. Wa pili, mama mmoja hakuningoja nimalize. Akaniambia ameshampa yule mwenzangu aliyepita juzi, unga wote, na blanketi pia, na kwamba niwaambie wenzangu hana kitu kingine. Nimeshangaa. Mwenzangu yupi? Katika kamati hakuna mwingine aliyezunguka ila mimi. Kama Nyamu anazunguka nyuma yangu akikusanya vitu, nitajua.

Mlango wa mwisho, ndani giza. Nikaona sikio. Nikainama nikanong'ona, asante kwa kile kitu, usimwambie mtu.

Sikio lilikuwa la Njagi.

Nilikuwa nimesahau kwamba ile ni nyumba ya shemeji yake, na kwamba siku za mvua huenda kunywa uji pale. Alinishika kola akanitoa nje. Akauliza kitu gani. Nikasema chumba, Afande, nashukuru watu kwa chumba. Akauliza kwa nini nanong'ona. Nikasema kwa kuogopa. Akauliza namwogopa nani. Nikasema wewe, Afande. Akacheka. Halafu akaacha kucheka ghafla, na hiyo ndiyo sehemu iliyonimaliza. Akasema mtu anayenong'ona mlango kwa mlango kwenye mvua ni mwizi, au ni mtu wa kulisha watu kiapo cha msituni, na mimi sina mwili wa mwizi. Akasema kuanzia leo jicho lake liko kwangu.

Nikamwambia asante. Mazoea tu.

Wambeti amenikanda miguu kwa maji moto na kuniambia niache mambo haya. Amesema yeye na Njoki hawahitaji nishukuru mtu, wanahitaji nirudi nyumbani kila jioni. Nimemwahidi. Nimemwahidi kwa moyo wote.


Jumapili, 7 Novemba

Kanisani nimetimiza ahadi. Sikusimama. Nimekaa nimefunga mdomo tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na watu wote wakinitazama kama sufuria ya maziwa inayokaribia kufurika. Nilipokohoa, benchi zima la mbele yangu lilihamia upande mwingine. Nyamu alikuwa anajifuta jasho kwa kofia.

Nikatembea kurudi nyumbani, na kabla sijafika, nikaliona kosa langu lilipokuwa. Kosa ni kujificha! Mtu akijificha lazima ashukiwe. Dawa ni kufanya mambo hadharani, mchana, kwa ruhusa.

Basi nimemfuata Njagi mwenyewe pale posti ya homgadi. Nimevua kofia toka mbali. Nimemwomba kamati iwaite watu wachache Jumanne alasiri, katika chumba chenyewe, wanywe chai na kukibariki. Akauliza kama kutakuwa na nyama. Nikasema mbuzi mmoja. Akafikiri. Akasema sawa, lakini wasije wengi kwa mara moja, na yeye atapita baadaye kuchukua mguu wake. Ruhusa! Ya Njagi mwenyewe!

Sasa naandaa kila kitu ili kusiwe na kasoro. Wataingia kidogo kidogo, kama alivyoagiza. Watavua viatu, maana nje ni matope na simiti bado mpya. Panga na majembe yabaki nje, yasikwaruze sakafu. Kila mmoja atapewa kipande cha nyama ya mbuzi mlangoni. Kisha watasema wote kwa pamoja, wakinifuata mimi neno kwa neno, maneno ya shukrani niliyotunga, ili asitajwe yeyote peke yake. Na mwisho nitawaomba wasimwambie mtu, kwa sababu wapo ambao hawakualikwa na watanuna.

Ireri angeona nilivyolifikiria jambo hili. Hakuna mwenye panga wala mwenye lori atakayepata pa kushika.

Nyamu amekataa kuja. Amesema ana suruali za kushona. Sawa.


Jumanne, 9 Novemba, kabla ya wageni

Nimekata migomba miwili mirefu na miwa, nikajenga tao zuri mlangoni. Migomba huku na huku, vichwa vimeinamishwa vikafungwa pamoja, miwa imepita juu. Shuleni misheni tulijenga hivyo askofu alipokuja, na askofu alifurahi. Mgeni atainama, atapita chini yake, atapokea nyama yake. Hata Bwana D.O. akipita atajua kwamba hata huku Runyenjes kuna mtu anayejua kupokea watu.

Wambeti amekuja na maji. Ameliona tao. Kibuyu kimemtoka mikononi kikapasuka.

Ameniuliza nani amenionyesha. Nimesema kichwa changu mwenyewe. Akauliza nani ameniambia wanapita chini. Nikauliza akina nani wanapita chini? Akaokota vipande vya kibuyu kimoja kimoja. Akasema bomoa, Baba Njoki, bomoa sasa hivi, kabla mtu hajakuja. Aliitazama njia mara mbili, na Wambeti si mwoga. Wambeti alizaa langoni bila kupiga kelele.

Sielewi. Mimi sijala kiapo cha watu wa msituni wala sijui kinavyoliwa. Walipokuja kuwachukua watu wa mtaa wetu kule zamani, nilikuwa na malaria chini ya mablanketi, wakaniruka. Wambeti alikwenda kwa dada yake usiku ule, amenieleza hivyo mwenyewe. Sasa migomba imemfanya nini?

Sina nafasi ya kuuliza. Mbuzi ameiva. Naona wageni wa kwanza wanakuja.


Ijumaa, 12 Novemba

Nipo hai. Kuku amenidonoa nilipotoa daftari na nimefurahi, maana ni nyumbani.

Nianze na Jumanne. Wageni wa kwanza walipinda kona, wakaliona tao, wakasimama kama wamefungwa breki. Hakuna aliyeuliza ni nini. Wakageuka. Wa pili vivyo hivyo. Mjane wa mayai alikunja sketi akakimbia. Kiongozi wa kwaya alikimbia. Mzee wa kanisa, ambaye huwa anatembelea fimbo, alikimbia akaacha fimbo. Niliwafuata nikipiga kelele warudi. Niliwaambia hakuna kazi yoyote, ni kuvua viatu tu, kupita chini, kula kipande cha nyama, na kusema ninavyosema! Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi mbio. Mwishoni nikawapigia kelele basi angalau msimwambie mtu!

Ireri peke yake alisogea. Alikuja, amesema, kwa sababu aliogopa asipokuja nitamfuata nyumbani kumshukuru. Alisimama mbele ya tao. Alikuwa ameshavua viatu, kwa adabu tu. Akasema kwa sauti ya chini, Karani, hivi katika nchi hii yote ni wewe peke yako usiyejua hiki ni kitu gani? Halafu akaniambia. Tao la migomba na miwa. Miguu mitupu. Vyuma vinaachwa nje. Nyama ya mbuzi. Maneno ya kufuatisha. Kutomwambia mtu. Ndivyo kiapo kinavyoliwa, toka mwanzo mpaka mwisho, sikusahau hata kimoja.

Nikaushika mgomba nikavuta nibomoe, tao lote likatuangukia. Na hapo ndipo Njagi alipofika na watu wake kuchukua mguu wa mbuzi. Akatukuta mimi na Ireri chini ya migomba, peku, nyama mkononi.

Nilijitetea. Nilisema Afande, mimi sikujua, mtu aliyekula kiapo angejua, na mimi sikujua, kwa hiyo sijala. Nilisema hata wewe umetambua mara moja, umetambuaje? Akanipiga kibao nikaona nyota. Lilikuwa swali la haki, lakini halikuwa la kumuuliza yeye.

Tulilala siku mbili kwenye kibanda cha waya pale posti. Sijawahi kuogopa hivyo. Nililia kama mtoto, sioni haya kuandika. Nilimfikiria Njoki, kwamba atajifunza kuongea mimi nikiwa Manyani, atamwita baba nani? Ireri hakulia. Alinipa nusu ya blanketi lake. Nikafungua kinywa. Akaniambia usithubutu.

Jana wakatutoa uwanjani. Lori limesimama, injini inanguruma. Kwenye kiti amekaa mtu amevikwa gunia kutoka kichwani mpaka chini ya magoti, matundu mawili ya macho. Kila mtu anajua gunia lile. Hajulikani ni nani na haongei. Akiinamisha kichwa, unapanda lori. Akitikisa, unakwenda nyumbani.

Ireri alikuwa mbele yangu. Gunia lilitulia kidogo. Likainama.

Hakupiga kelele. Aligeuka akaniangalia mara moja, akapanda lori, yeye aliyekuja kwa adabu tu. Nilitaka kusema kwamba tao ni langu, mbuzi ni wangu, maneno nimetunga mimi. Sauti haikutoka. Nilifungua kinywa, mimi Kivuti ambaye sijawahi kukosa neno, na sauti haikutoka.

Ikawa zamu yangu. Sikuweza kuyatazama matundu yale. Nikainamisha uso nikatazama chini, na chini ya gunia nikaiona miguu. Miguu mitupu. Kidole gumba cha kulia kimefungwa kitambaa chekundu.

Gunia lilikaa muda mrefu sana. Kidole kilijikunja kwenye vumbi, kikakunjuka, kikajikunja tena. Halafu kichwa kikatikisika. Huyu hapana.

Moyo ulinijaa mpaka shingoni. Nikavuta pumzi nimwambie asante, lakini homgadi alinisukuma nje ya lango kabla neno halijatoka. Nimetembea mpaka nyumbani nimelishikilia mdomoni.

Wambeti alinishika masikio yote mawili akanitazama, akalia. Migomba alikuwa ameshaikatakata akawapa mbuzi wa jirani. Ameniuliza nimeponaje. Nimesema ni Mungu. Amesema niape kwamba nimekwisha na shukrani. Nimeapa. Nilikuwa na njaa.


Jumamosi, 13 Novemba

Nimelala vizuri. Akili imerudi.

Leo asubuhi nimepita dukani kwa Nyamu. Watu walisema tangu Jumatano alikuwa amekwenda Embu kununua nyuzi. Amerudi, lakini nyuzi sikuziona. Kidole sasa kimefungwa kitambaa cheupe. Nikasimama mlangoni nikakitazama kidole, nikamtazama yeye, nikamkonyeza. Nikasema kile chekundu kilikuwa kizuri zaidi. Miguu yake ikaacha kukanyaga cherehani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi si mtu wa kusahau nilichopewa. Uso wake ulikuwa umelowa na dukani hakuna joto. Amesema atanishonea suruali, bure. Halafu akasema na koti. Akanishika mkono, akaniambia hakuchagua kukaa pale, kwamba Njagi alikuja na majina ya watoto wake mdomoni, kwamba angesema hapana kwetu wote wawili wangemvua gunia wakampakia yeye. Akaniomba kwa ajili ya watoto hao hao nisiseme neno kwa kiumbe chochote. Mtu mnyenyekevu jinsi gani! Hata siku ya mabati alisema hivyo hivyo, usinitaje, Karani. Na mimi nilidhani ni wivu. Nimeona aibu.

Mchana Kathure, mke wa Ireri, amekuja. Macho yamevimba. Hakukaa. Ameuliza kama kuna kitu nilichokiona cha yule mtu wa gunia, mkono, sauti, chochote. Nilimhurumia sana. Nimemwambia aje kanisani kesho, atasikia yote kwa mpangilio. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyokijua kidole changu mwenyewe. Akasema atakuja. Amesema na ndugu za Ireri watakuja, hata wale ambao siku hizi hawaonekani. Nimefurahi. Shukrani kubwa inataka watu. Tena itamtuliza moyo, kujua kwamba ndani ya gunia lile kuna mtu mwenye huruma.

Nimejifunza mengi wiki hizi. Nimekosea kunong'ona, nimekosea mbuzi, nimekosea migomba. Safari hii hakuna kitu cha kushika, ni maneno matupu, mchana, mbele ya mchungaji. Nimeshamwomba nafasi ndogo baada ya sadaka. Wambeti sijamwambia, nataka ashtuke kwa furaha. Ameniuliza ninaandika nini nikasema sala.

Naogopa kidogo, sikatai. Lakini mama yangu angeniambia ndivyo mtu anavyoshukuriwa, kwa sauti, jirani asikie. Nimekariri yote. Nitamtaja kwa jina lake, na la baba yake, na mahali nyumba yake ilipo karibu na lango, asije akashukuriwa mtu mwingine kwa makosa.